Amepasuliwa ngiri miezi 5 sasa, bado anaumia, na tramadoli haimtoshi tena. Nisaidieni mawazo

Mwana wa Katindo (Goma), Jumatatu saa 3 usiku

Habari za jioni wote. Naandika haraka kabla umeme haujakatika.

Mukubwa wangu, kaka yangu, anasukuma chukudu. Wa Goma mnaijua, lakini kwa ndugu wa Dar na Mombasa: ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, hakina pedali wala kiti, kinabeba makala, viazi, mbao, chochote. Kuteremka kutoka Kibumba unakipanda na kuomba Mungu, mlima ukija unakisukuma kwa bega na tumbo. Miaka ishirini ya kazi hiyo ikamletea ngiri, erni kama tunavyosema huku, upande wa kulia.

Alipasuliwa miezi mitano iliyopita. Kidonda kilifunga vizuri, hakikutoa usaha. Lakini usiku wa kwanza aliteseka. Mimi ndiye niliyelala chini ya kitanda chake nikimlinda. Walimchoma sindano moja alipotoka chumba cha upasuaji, kisha hakuna kitu hadi asubuhi. Nilipokwenda kumwita muuguzi akaniambia, "Amekatwa na kisu, ulitaka asisikie?" Hospitali siitaji, sikuja kushtaki mtu.

Siku ya kutoka walimwandikia tramadoli, dawa ya maumivu, ya miligramu 50. Hakuna aliyemwambia aiache lini. Zilipoisha akanunua nyingine mwenyewe, huku hakuna anayekuuliza karatasi. Alianza na viwili kwa siku, sasa ni sita. Akichelewa anatokwa jasho, pua inatiririka kama ya mtoto, tumbo linaharibika. Akimeza anatulia. Ila maumivu hayajaondoka: anachora kwa kidole mstari kutoka kwenye kovu hadi ndani ya paja, anasema ni moto, halafu ghafla kama amepigwa shoti ya umeme. Chukudu imeegemea ukuta wa nyumba, kuku wanalala juu yake.

Na kuna la pili. Mama yetu anapasuliwa wiki tatu zijazo, ana uvimbe kwenye kizazi. Nimeanza kuogopa hata kumpeleka.

Kijana wa Birere, Jumatatu saa 3 na nusu usiku

Pole mukubwa. Mwambie aitupe chooni leo hii hii, siku tatu za mateso basi. Nimeona vijana wengi wameharibika na hizo. Ni bangi iliyovaa kapsuli.

Mama Asifiwe, Jumatatu saa 4 usiku

Pole sana mwanangu. Mumkande kwa maji ya moto yenye chumvi asubuhi na jioni, kovu litalainika. Na sala msiache.

Nusukaputi (Goma), Jumanne saa 11 alfajiri

Natoka zamu, nimesoma nikiwa kwenye pikipiki. Mimi ni muuguzi wa anestezi. Kazi yangu ni kulaza watu na kuwaamsha, miaka 14 sasa. Nitaandika mengi, mnivumilie.

Kijana wa Birere, nia yako ni njema lakini futa ushauri huo. Mtu aliyemeza miezi mitano hadi kufika sita kwa siku hakati siku moja. Jasho, mafua ya ghafla, kuhara: hiyo si ngiri, ni mwili unadai deni lake. Ukimkatia ghafla, kesho kutwa atameza nane. Mama Asifiwe, kwa heshima yako yote, maji ya moto hapana. Ngozi iliyo kando ya kovu mara nyingi imekufa ganzi, mtu anaungua bila kusikia. Nimeshafunga kidonda cha namna hiyo.

Sasa wewe Mwana wa Katindo. Mukubwa wako hajifanyi wala hajarogwa. Maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3 baada ya upasuaji, kidonda kikiwa kimepona, yana nafasi yao katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ile ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa ngiri, takribani mtu mmoja kwa kila kumi hubaki na maumivu ya namna fulani. Kwa waliopasuliwa kifua au kukatwa mguu ni wengi zaidi.

Kinena kina neva (mishipa ya fahamu) tatu nyembamba zinazopita mle mle daktari anamofanyia kazi. Kisu kinaweza kuigusa mojawapo, uzi wa kushonea ukaibana, au kovu likaja kuifunga baadaye. Kabla ya kusema zaidi nataka ufanye jambo moja. Chukua kipande cha pamba kavu. Mlaze, anza upande wa kushoto ulio mzima, pitisha polepole kama unafuta vumbi. Kisha upande wa kovu. Usimuulize kitu, mwangalie uso tu. Halafu asimame akohoe huku umeweka kiganja pale pale: kama kuna kitu kinasukuma kutoka ndani, ngiri imerudi na hadithi ni nyingine. Homa, usaha, au korodani kuvimba, asingoje mtandao, aende kwa daktari leo.

Mwana wa Katindo, Jumanne saa 2 usiku

Docta, nimefanya. (Najua si docta, lakini kwa leo kubali.)

Pamba nilichomoa kwenye mto. Kushoto alicheka, akaniuliza kama nimeanza kuwa mtoto. Kulia sikufika hata sentimita mbili, akanikamata kiganja na kukibana mpaka vidole vikanipauka. Machozi yakamtoka. Mukubwa sijamwona analia tangu 2002 lava ya Nyiragongo ilipokula nyumba ya baba. Chini kidogo ya hapo kuna sehemu kama kiganja cha mtoto, hasikii kitu, hata nilipofinya. Akikohoa hakuna kinachosukuma.

Ndipo shemeji akaniambia kwa nini mukubwa akiwa ndani anavaa kitenge chake. Mimi nilidhani ni joto. Suruali inamgusa pale.

Nusukaputi, Jumanne saa 4 usiku

Hilo la kitenge ningelipenda kulisikia kutoka kwa kila mgonjwa, maana linaniambia kuliko swali la "inauma kiasi gani kati ya sifuri na kumi".

Pamba kuchoma kama moto, na kando yake ganzi: hiyo ni neva iliyojeruhiwa. Dawa ya kwanza ya maumivu ya neva si tramadoli. Inayotumika sana kwetu ni amitriptilini, kinini (kidonge) cha zamani kilichoanza kama dawa ya huzuni. Ni cha bei ya chini na kipo kwenye orodha ya dawa muhimu. Kinaanzwa kidogo, miligramu 10 au 25 jioni kabla ya kulala. Kinakausha mdomo, kinaleta usingizi, na wazee wenye shida ya mkojo au ya moyo wanahitaji uangalifu.

LAKINI usikimbie kukinunua kesho. Amitriptilini na tramadoli nyingi mwilini mwa mtu mmoja zinaweza kuangusha mtu kwa degedege. Tramadoli peke yake ikizidi miligramu 400 kwa siku inaweza kufanya hivyo, na yeye yuko 300. Kwa hiyo lazima daktari amwone na kupanga kipi kinashuka na kipi kinapanda. Aina ya mpango ninaouona wodini: sita, baada ya wiki mbili vitano, baada ya wiki mbili vinne, na kuendelea. Akishindwa hatua moja anasimama hapo wiki nyingine, harudi juu. Vinini vikae kwa mkewe. Na asimeze na pombe, si kasiksi wala bia, watu wanalala hapo na hawaamki.

Kitu kingine cha kumwomba daktari: kuchoma ganzi kidogo, lidokeini, pale pale pamba ilipomliza. Maumivu yakikatika kwa saa chache, tumejua ni neva ipi, na kuna watu ambao sindano mbili tatu za namna hiyo zimewarudishia usingizi. Kuifungua neva kwa kisu ni mlango wa mwisho kabisa.

Kuhusu ule usiku wa kwanza. Sisemi muuguzi yule ndiye aliyeleta haya, neva haikujeruhiwa na maneno yake. Lakini maumivu makali ya siku za kwanza ni moja ya dalili zinazoonyesha nani atabaki akiumia, pamoja na kuumia kwa muda mrefu kabla ya upasuaji, na hofu, na kukosa usingizi. Uti wa mgongo ukigongwa na maumivu usiku kucha unajifunza. Ni kama redio: mtu ameongeza sauti, kisha kitufe kikakwama. Kesho yake pamba inasikika kama kelele. Ndiyo maana nagombana na neno "vumilia". Kuvumilia si bure.

Mama Furaha (Bukavu), Jumatano saa 1 asubuhi

Mimi niko Kadutu. Niruhusuni.

Mtoto wangu wa kwanza alitoka kwa kupasuliwa. Nikaambiwa vumilia, wenzako wanazaa bila hata sindano. Nilivumilia. Siku tatu sikuweza kugeuka kitandani, mtoto analia, maziwa hayaji kwa sababu kila nikimweka kifuani tumbo linapasuka upya. Mwaka mzima upande mmoja wa kovu ulikuwa unachoma nikiinua ndoo. Mama mkwe akasema mimi ni mvivu.

Mtoto wa pili, hospitali nyingine. Sindano ya mgongo, na yule wa anestezi akaniambia, "Nimekuwekea na morfini kidogo sana humo ndani, itakuwasha pua, usiogope." Kweli iliniwasha pua na kifua, nilijikuna usiku kucha kama nina upele! Lakini nilikaa kitandani jioni ile ile. Walikuwa wanakuja kuniangalia ninavyopumua kila saa. Parasetamoli walinipa hata nilipowaambia siumwi. Nilidhani wanakosea.

Swali langu kwa Nusukaputi: kwa nini hawakukosea?

Nusukaputi, Jumatano saa 7 mchana

Hawakukosea Mama Furaha, na ningependa kumjua mtu huyo. Parasetamoli ukiingoja hadi maumivu yapande, unamkimbiza nyoka aliyeshaingia nyumbani. Ukiimeza kwa saa, unafunga mlango. Wa Kiswahili tuna bahati, saa zetu zinakariri zenyewe: saa 12, saa 6, saa 12, saa 6. Gramu moja kila moja kwa mtu mzima mwenye kilo 50 na zaidi, jumla gramu 4 kwa siku na hapo ndipo mwisho, ini halitaki zaidi. Chini ya kilo 50 inahesabiwa kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo.

Na hiyo morfini ya mgongoni ni kiasi kidogo mno, sehemu ya kumi ya miligramu moja inatosha. Kuwasha ni kawaida yake. Kuangalia pumzi ndiko hakuna mjadala. Mahali pasipo na mtu wa kukesha, mimi siiweki.

Mzee wa Himbi, Jumatano saa 12 jioni

Mnanishangaza. Morfini, trama, yote ni familia moja. Marekani imezika maelfu kwa maelfu kwa hizi dawa za hospitali. Baba zetu walipasuliwa wakanywa uji wakarudi shambani. Muuguzi anayetetea morfini kwenye uzi wa mtu aliyeharibiwa na dawa hizo hizo, si haki. Hospitali isimpe mtu hata moja, mambo yataisha.

Nusukaputi, Jumatano saa 3 usiku

Mzee, nakuheshimu na nusu ya ulichosema ni kweli, acha nianze na hiyo.

Marekani walianza kumwaga vidonge baada ya 1996, OxyContin, kidonge cha jamii ya morfini, ilipoingia sokoni na madaktari wakaambiwa haina shida. Utafiti mmoja mkubwa wa huko, wa 2017, ulifuata watu ambao hawakuwa wanatumia dawa za jamii hii kabla ya kupasuliwa. Miezi mitatu baadaye takribani 6 kwa kila 100 walikuwa bado wanazichukua, na upasuaji mdogo au mkubwa haukuleta tofauti ya maana. Maana yake si kidonda kilichowashika. Na wengi wa wagonjwa wao hawamalizi walichoandikiwa, vinabaki kabatini, mtoto wa nyumba anavikuta. Sasa wanajifunza kuandika vichache. Kwa hiyo ndiyo, mukubwa wa Mwana wa Katindo ni mmoja wa hao sita, ila yeye hana kabati, ana duka la jirani.

Nusu nyingine sikubaliani. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilihesabu mwaka huo huo wa 2017: tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zinazogawiwa duniani kwa mwaka, nchi maskini zote kwa pamoja zinapata tani 0.1. Sisi tumo katika hizo. Nimewahi kumfunga mtu mfupa wa paja uliovunjika vipande vinne nikiwa na diklofenaki tu. Usiniambie yule alihitaji uji.

Na ona vile mambo yamekaa kichwa chini. Morfini iko chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa 1961, makaratasi yake ni mengi hadi mfamasia anaona bora isiwepo. Tramadoli haimo kwenye mikataba hiyo, ndiyo inayojaa sokoni. Afrika Magharibi wameokota za miligramu 225 na 250, kipimo ambacho daktari haandiki kwa mara moja. Kwa hiyo aliyefunguliwa tumbo leo asubuhi hana morfini ya siku mbili, na aliyepona miezi mitano ana tramadoli ya mwaka. Jirani zetu Uganda wamekuwa wakitengeneza morfini ya maji ya kunywa tangu miaka ya 1990, na tangu 2004 wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Inawekwa rangi ili isichanganywe, inahesabiwa, inaandikwa kitabuni.

Lakini Mzee, hata hiyo si hoja yangu kuu. Ukifanya kazi vizuri kabla na wakati wa kisu, morfini inayobaki kuhitajika ni ndogo. Mimi nikiwa na bupivakeini, dawa ya ganzi, na dakika kumi, nachoma ganzi kwenye neva za ukuta wa tumbo au za paja, mtu anaamka anauliza, "Mmeshanipasua?" Bupivakeini tunayo. Ketamini, dawa ya kulaza, kidogo wakati wa upasuaji inasaidia, na ketamini huku haikosi hata vijijini. Kinachokosa mara nyingi ni hizo dakika kumi, mgonjwa wa pili ameshalala mlangoni kwenye machela.

Kijana wa Birere, Jumatano saa 4 usiku

Nimefuta ushauri wangu moyoni, hapa hapafutiki. Binamu yangu wa Canada anasema kuna kinini kipya Amerika kisichozoesha kabisa. Kweli au stori?

Nusukaputi, Jumatano saa 4 na robo usiku

Kweli. Kinaitwa suzetrijini, kilikubaliwa Marekani tarehe 30 Januari 2025. Kinazuia habari ya maumivu kwenye neva zenyewe kabla haijafika kichwani. Ni cha maumivu ya siku chache. Siku hiyo sisi Goma tulikuwa bado tunaokota watu wa vita barabarani, kwa hiyo habari yake niliipata miezi baadaye. Sikitarajii kwenye kabati letu hivi karibuni.

Mguu Mmoja (Goma), Alhamisi saa 9 usiku

Siandikagi. Nasomaga tu. Lakini saa hii ndiyo saa yangu ya kutolala, basi niandike.

Mguu wa kushoto walinikata chini ya goti, mwaka jana. Risasi, mnajua vita ya ile Januari. Mguu haupo, nimeuona haupo, lakini usiku vidole vyake vinakunjika. Vinakunjika kwa nguvu mpaka kucha inaingia kwenye nyama, na siwezi kuvikunjua kwa sababu hakuna vidole. Nilimwambia mke wangu, akadhani nimechanganyikiwa. Nikanyamaza. Nilimeza tramadoli, ndiyo, kama mukubwa wako. Inanilevya, vidole haviachi.

Mtu wa mazoezi pale Shirika la Umoja nilipokwenda kupimwa mguu wa bandia ndiye aliyeniuliza, "Mguu uliokatwa unausikia wapi?" Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nililia hapo hapo. Akaleta kioo kirefu, akakisimamisha kati ya mapaja, uso wake kwa mguu wa kulia. Ukitazama unaona miguu miwili. Akasema kunja vidole vya kulia, sasa kunjua, polepole, tazama kioo. Nikatazama. Vya kushoto vikafunguka.

Sielewi. Nilinunua kioo changu soko la Virunga, kina ufa kwenye pembe. Dakika 15 asubuhi na jioni. Si kila siku kinakubali. Leo kimekataa ndiyo maana niko hapa. Lakini nimelala usiku nne wiki hii.

Nusukaputi, Alhamisi saa 12 asubuhi

Kaka, asante kwa kuandika. Hujachanganyikiwa. Ambroise Paré, mpasuaji wa wafalme wa Ufaransa, aliyaandika haya kwa askari wake katika karne ya 16. Kioo kililetwa na Ramachandran, mtafiti wa ubongo, miaka ya 1990: ubongo umeshika ramani ya mguu na hauna habari mpya, unauonyesha picha, unalegea. Hakimfai kila mtu, lakini hakina sumu. Muulize daktari wako pia kuhusu amitriptilini, kwa sharti lile lile nililosema juu ya tramadoli. Na ukiwa macho saa 9 usiku, andika. Mara nyingi niko zamu.

Farmasi ya Kona, Alhamisi saa 5 asubuhi

Nasema kwa upande wa wauzaji maana tunapigwa kimya kimya. Mimi nina duka la dawa, nina leseni ukutani. Anakuja mtu na kipande cha karatasi ya daftari chenye vinini vinne, anasema, "Nipe kama hizi." Nikikataa anavuka barabara, kule anapewa na anahesabiwa moja ya nyongeza. Nimeanza kuuliza swali moja tu: ulipasuliwa lini? Akisema wiki hii, nampa za siku tatu na parasetamoli. Akisema mwaka jana, namkalisha kwenye benchi tunaongea. Wengine wanaondoka na hasira. Wawili wamerudi.

Na jamani, watoto chini ya miaka 12 tramadoli hapana, wala mama anayenyonyesha. Miili mingine inaigeuza haraka kuwa kali kupita kiasi, pumzi ya mtoto inasimama. Ninaona akina mama wanagawana na mtoto "nusu kidogo". Hapana.

Mwana wa Katindo, Alhamisi saa 2 usiku

Mmenifundisha zaidi ya miaka yangu yote. Nusukaputi, sasa Mama. Niseme nini nikifika? Sitaki nionekane najua kuliko daktari, tutafukuzwa.

Nusukaputi, Alhamisi saa 5 usiku

Hakuna atakayekufukuza ukiuliza kwa adabu na mapema. Usiulize mlangoni mwa chumba cha upasuaji, uliza siku moja kabla, mtu wa anestezi akipita kumwona. Mwambie Mama anaogopa, na kwamba mwanawe mmoja amebaki na maumivu na tramadoli. Hilo peke yake linabadilisha anavyofikiri. Kisha useme: kama inawezekana, tunaomba sindano ya mgongo, na ganzi ukutani mwa tumbo au ukingoni mwa kidonda kabla ya kufunga. Daktari mpasuaji anaweza kuichoma mwenyewe akimaliza kushona, dakika mbili. Mtakapopewa ordonansi ya vitu vya kununua, uliza kama bupivakeini imo. Kama haimo na wanayo, vizuri. Kama haimo na hawanayo, mnanunua.

Mama awaambie kila anachomeza, pamoja na dawa za mizizi na vya presha. Vidonda vya tumbo je? Figo? Kama hana, ibuprofeni ya 400 mara tatu na chakula kwa siku chache inaongeza nguvu ya parasetamoli sana, mara nyingi hizo mbili zinatosha. Ila msimpe na diklofenaki juu yake, ni ndugu, wanaliharibu tumbo pamoja. Wakiandika tramadoli, isiwe ya kwanza, iwe ya wakati parasetamoli na ibuprofeni zimeshindwa. Mhesabu. Siku tatu, nne. Inayobaki irudi kwa mfamasia, isikae nyumba moja na mukubwa wako. Hapo nisamehe, lakini lazima niseme.

Na wewe mlinzi: weka simu ilie saa 12 na saa 6. Usingoje augue. Kanga au kitenge kilichokunjwa mara nne, akibane tumboni anapokohoa na anapoinuka. Jioni ile ile akae, kesho yake atembee hata hadi dirishani. Akikuambia pamba inachoma, usimwambie vumilia.

Mwana wa Katindo, wiki 5 baadaye, Jumapili saa 2 usiku

Nimerudi, msidhani nimekula somo nikaondoka.

Mama alipasuliwa Jumanne ya wiki ya pili iliyopita. Yule wa anestezi alinisikiliza, akaandika kitu pembeni ya karatasi, akasema, "Bupivakeini ninayo, usinunue." Simu yangu mlio wake ni jogoo. Saa 6 usiku jogoo akawika wodi nzima ikaamka, mama wa kitanda cha pili akanitukana kwa Kinande. Usiku wa pili jogoo alipowika, mama huyo huyo akaniita: "Na mimi zangu ziko kwenye mfuko ule, nipe." Hadi tunatoka nilikuwa nagawia vitanda vinne, muuguzi amenipa jina la Jogoo. Mama alitumia tramadoli tatu, saba zilibaki, nimezipeleka kwa mfamasia. Aliniangalia kama mtu aliyerudisha pesa.

Mukubwa daktari amemwona mara mbili. Amechomwa lidokeini mara moja, alilala saa sita mfululizo, shemeji alikuwa anamwekea mkono puani kuona kama yu hai. Tramadoli yuko vinne tangu wiki iliyopita, shemeji anazifunga kwenye kopo la maziwa, ufunguo wa sanduku uko shingoni. Wiki ya kwanza ya vitano alikuwa mbaya, alipiga teke chukudu, kuku wakahama. Amitriptilini daktari amesema bado, akifika viwili.

Pamba bado haitaki. Lakini leo amevaa suruali kwenda kanisani. Aliporudi aliivua mlangoni, ila misa yote alikuwa nayo.

Kijana wa Birere, Jumapili saa 2 na nusu usiku

Misa ya saa ngapi? Maana kuna ile fupi.

Mwana wa Katindo, Jumapili saa 2 na nusu usiku

Ya saa 3. Ile ya kwaya mbili.